Nani Aliwapa Waingereza Sukari?

Jumatano, 4 Machi
Mdomo umeniponza. Mzee, baba wa mchumba wangu, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, alikuwa anakoroga chai. Nikatafuta la kumpendeza. Nikamwambia kuwa neno lao la sukari Waingereza walilichukua kwetu, kwenye Kiswahili. Akasema nilete ushahidi Jumapili, ndipo tuzungumze habari za posa. Shemeji, kaka wa mchumba, mwalimu wa historia, akachekea kikombeni. Atanitambua.

Alhamisi, 5 Machi
Maktaba. Kamusi nzito kama tofali. Waingereza walilipata kwa Wafaransa. Pigo! Lakini Wafaransa nao walilipata kwa nani? Kwetu, bila shaka. Nikapiga kigelegele. Mkutubi akaniomba nitoke nje kidogo.

Ijumaa, 6 Machi
Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini, Kilatini kwa Waarabu. Na letu? Kwa Waarabu hao hao! Kumbe sisi na Waingereza tumechota kisima kimoja. Loo!
Shemeji akanikuta nimeshika tama. Akaniambia kwa upole kwamba Waarabu walilitoa kwa Waajemi, Waajemi kwa Wahindi, na huko kwenye Kisanskriti maana yake ya zamani ni changarawe. Akanishauri nimwambie mzee kweli, anapenda mtu anayekiri kosa. Ati! Kikulacho ki nguoni mwako. Huyu hataki nimwoe dada yake.

Jumamosi, 7 Machi
Nimepata! Wahindi nao walilitoa kwetu. Nimechora ukoo mzima wa neno kwenye karatasi ya manila. Juu kabisa, sisi.

Jumapili, 8 Machi
Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza hatua ya juu kabisa nimeitoa kitabu gani. Nikasema wazee wetu hawakuwa na haja ya kuandika. Akavua miwani.
“Jibu nalijua tangu Jumatano, mwanangu. Nilitaka kusikia kama unaweza kusema umekosea.”
Posa hakuna. Nikakunja manila yangu, nikatoka. Mchumba akanifuata hadi getini, machozi yanamlengalenga. Akanisihi nirudi ndani, baba bado ananingoja, niseme neno moja tu: nimekosea.
Nampenda. Nikarudi. Nikasimama mbele ya mzee, nikafungua mdomo. Hapo hapo shemeji akamletea kikombe cha kahawa.
Nikasema, “Mzee, na kahawa je? Hiyo nayo waliichukua kwetu.”
Mchumba hapokei simu. Si kitu. Maktaba inafunguliwa kesho asubuhi.