Pumzi za Wapangaji

Idara ya Makazi ilitangaza rasmi, kwa waraka wenye mihuri mitatu, kwamba kuta zake mpya haziwezi kuota ukungu. Ni kuta mbilimbili, katikati zimejazwa sponji ya kuzuia joto na baridi, na Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyezizindua. Weusi wowote utakaoonekana ni pumzi za mpangaji. Atakayebainika kupumua kupita kiasi atahamishwa siku tisini, ukuta upate nafuu.

Kazi ya kubaini alipewa mtathmini wa majengo, mama wa makamo mwenye kipima unyevu kimoja na imani haba. Alianza na fundi cherehani aliyeishi na bintiye ghorofa ya chini. Kando ya kitanda ukuta ulikuwa mweusi kama chungu. Akachomeka kipimo, mshale ukaenda hadi mwisho ukakwama. Akatoboa tundu, akavuta kipande cha sponji. Kikachuruzika maji ya mvua.

"Mnapumua sana humu?" akauliza, maana fomu ilidai.

"Tunajitahidi kupunguza, dada. Mimi nashona nimefumba mdomo. Huyu mtoto ndiye ananishinda, kikohozi hakimpi nafasi."

Mtathmini akaikunja fomu bila kuijaza. Akaitia sponji mfukoni, akampelekea Mkurugenzi ofisini kwake.

"Mama, nimekutuma pumzi, wewe unaniletea maji."

"Yametoka ndani ya ukuta, mzee. Huko hapumui mtu."

"Waraka ni waraka. Jaza fomu, kesho wahame."

Roho ilimuuma, wale hawakuwa na pa kwenda. Akaikodolea macho fomu. Pua yake ikanusa kitu. Akainuka, akasogeza kabati la majalada. Nyuma yake ukuta ulikuwa umeota manyoya.

"Unafanya nini?"

"Najaza fomu, mzee. Imeandikwa majengo yote ya Idara." Akachomeka kipimo. Mshale ukakwama. "Humu anapumua nani?"

Mkurugenzi akamtazama karani wake aliyekaa mlangoni. Karani akainamia karatasi zake.

"Mimi," alisema Mkurugenzi.

"Na nani mwingine?"

"Wageni huwa wanasubiri nje."

Mtathmini akaandika: siku tisini. Akagonga muhuri.

Kabla ya saa sita ukatoka waraka mpya: kupumua kumeruhusiwa, na kuta zote zifunguliwe, kuanzia kwa fundi cherehani. Mkurugenzi alipousaini, mtathmini aliona mashavu yake yametuna na macho yamemtoka. Alikuwa amebana pumzi.