Rond-point ya Maboya

Jumatatu, 4 Novemba 2002
Nimerudi toka Butembo na habari nzito! Pale kanisani, kwa paroisse, komité inachora mupango: vita ikiisha, Butembo na Beni zitakuwa muji moja. Donc katikati itakuwa wapi? Kwetu, Maboya! Na katikati kabisa ni shamba la maharagi la muke wangu Jokébed. Mimi Kasonia, mwenye rond-point, muzunguko wa barabara zote! Jirani Ésaïe atakufa na wivu.

Jokébed amesema maharagi iko na maua, nisiiguse, ndiyo chakula yetu mpaka Januari. Maskini, hajui mambo ya urbanisme, ya kupanga muji.

Jumanne, 5 Novemba
Jokébed alienda kwa maombi ya bamama. Nimeng'oa yote! Nimepiga vijiti, nimezungusha kamba. Duara safi kabisa. Ésaïe amepita, ameuliza kama kichwa yangu iko muzima. Wivu umeanza.

Jokébed amerudi. Ameokota mashina ya maharagi, ameikumbatia, analia. Roho imeniuma. Nimemuahidi kiosque pale pembeni. Amebeba mashina, akaingia ndani.

Alhamisi, 7 Novemba
Nimepeleka ramani yangu kwa komité. Secrétaire amecheka, kisha ameniambia pole pole kwamba wao wanapanga barabara na maji tu. Tena, muji unajengwa kwenye batu banakaa, hapana katikati ya njia. Ah! Mutu wa bureau!

Jumamosi, 9 Novemba
Batu bamefika! Bengi! Vita imebafukuza upande wa Mambasa, bamelala ndani ya rond-point yangu. Kwanza nilifurahi. Halafu nikaona nyuso zao. Vijiti vyangu bamevitia motoni, nimebaacha.

Mama mumoja, Rébecca, amekuja na baba yake mugongoni. Muzee ameomba maharagi kidogo tu, hata mchuzi. Jokébed aliniangalia. Mungu wangu, nilitamani udongo unimeze.

Ésaïe ndiye amewafungulia shamba lake. Amesema bachume, hata majani. Anapenda kuonekana, yule.

Jumatatu, 11 Novemba
Baba ya Rébecca amekufa asubuhi. Mimi na Ésaïe tumechimba kaburi pembeni ya barabara. Jokébed ameimba peke yake. Nimelia, kweli nimelia, hata Ésaïe amenishika bega.

Rébecca ameuliza, hapa barabara ikipanuliwa, baba yake atabaki wapi.

Swali lile halinitoki. Nimechora soko, nimechora poste, nimechora kituo cha magari, na makaburi nimesahau! Eh, ndiyo maana komité ilinikatalia! Inatakiwa pahali pakavu, pasipo na mawe, mbali kidogo na njia. Nimezunguka kijiji kizima mchana huu. Shamba la Ésaïe linafaa kabisa. Maharagi iliyobaki pale si mingi, kuing'oa ni kazi ya asubuhi moja. Kesho anaenda Beni kuwatafutia wale batu dawa. Nitaanza akiondoka tu.