Betri ya Kampuni na Ngoma ya Baiskeli

Jumatatu, 6 Julai 1998

Ofisi imefungwa! Tangu biashara ya pamba iachiwe huria kila mwenye lori amekuwa kampuni, na sisi tunabana matumizi. Bwana Sadick, bosi wetu wa Mwanza, ameamua nifanyie kazi nyumbani. Redio kolu, ile ya kuzungumza na vituo, imeletwa sebuleni kwangu pamoja na betri kubwa ya lori. Kila asubuhi napokea bei na uzito wa pamba kutoka vituo vya Lingeka na Kiloleli, kisha napeleka Mwanza. Mimi, Anatoli, sasa ndiye ofisi ya Bariadi. Nafanya kazi nikiwa nimevaa kandambili.

Kuna sharti. Kampuni italipia kuchaji betri mara moja tu kwa mwezi. Nikizimika hewani kabla ya hapo, redio inahamia kwa jirani yangu Joakim, mwalimu mstaafu mwenye sola juu ya bati. Kazi nayo inahama na redio. Joakim alikuwepo bosi aliposema hayo. Alilitazama bati lake, akatabasamu. Sikupenda.

Jumanne, 7 Julai. Sabasaba

Nimemkamata mwizi wa umeme. Ni Felisita! Mke wangu wa ndoa ya kanisani! Amechomeka kitaa kwenye betri ya Kampuni ili jioni ashone vitambaa vyake. Nimeking'oa. Nikampa somo fupi kuhusu kubana nishati. Lilichukua muda kidogo.

Akasema sawa, Baba Wilhelmina, lakini akataka kujua kwa nini mimi nimeongea na Lucy wa Lingeka tangu chai mpaka jua likawa utosini. Nikamweleza kwamba hiyo ni kazi. Nilikuwa namshauri Lucy namna ya kubana betri. Ni kweli tuligusia mbuzi wake aliyezaa. Hapo ndipo Bwana Sadick alipoingilia kutoka Mwanza na kusema kwamba habari za mbuzi amezisikia zote, sasa angependa kusikia za pamba.

Jumatano, 8 Julai

Ukishinda nyumbani unaona mengi. Felisita anachemsha maharage kwa mkaa kuanzia asubuhi hadi mchana! Nimempa elimu. Chemsha kidogo, funika sufuria, izike ndani ya pamba, joto litamalizia kazi lenyewe. Nimejaza kasha kwa pamba ya shamba letu, pamba safi kabisa, nikaizika sufuria kwa mikono yangu. Nikawa nafukua mara kwa mara kuhakikisha joto bado limo.

Mchana maharage yalikuwa vuguvugu na yanagonga sahani. Felisita akawasha mkaa upya. Pamba imelowa mchuzi, sasa ni pamba fifi, ya daraja la chini. Wazo lenyewe halina kosa. Haya maharage ndiyo magumu. Joakim alichungulia uani akauliza kama siku hizi tunapika pamba.

Alhamisi, 9 Julai

Mshale wa redio unaoonyesha nguvu ya betri umelala. Lucy anasema sauti yangu inatoka kisimani. Na Jumamosi saa mbili asubuhi Bwana Sadick ataita vituo vyote, kimoja kimoja!

Felisita anashauri tuipeleke betri stendi kwa Nuruddin, mwenye jenereta, anayewachajia watu. Nimekataa katakata. Nuruddin hana siri. Betri haitakuwa imeshuka kwenye toroli kabla Joakim hajajua.

Halafu nikawaza. Nina baiskeli. Baiskeli ina dinamo. Dinamo inatoa umeme. Kumbe watu wazima wanahangaika bure! Nimeinua gurudumu la nyuma juu ya matofali, nikavuta waya hadi kwenye betri, nikapiga pedali. Pumzi ikakata. Mshale haukutikisika.

Kosa nimeliona. Nilikuwa peke yangu. Tangu lini Msukuma akafanya kazi kubwa peke yake? Nimekwenda kwa Masalu, kiongozi wa bugobogobo, wale vijana wanaolima shamba la mtu kwa kufuata ngoma. Tukasalimiana mwangaluka, nikamweleza. Akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akakubali. Akasema wamelima kila kitu, baiskeli bado.

Ijumaa, 10 Julai

Ngoma imelia tangu asubuhi! Vijana wamepokezana pedali, wengine wakirusha majembe juu na kuyadaka. Kila anayepanda anataka kumzidi aliyeshuka. Mtaa mzima umejaa uani. Joakim amekuja na kiti chake.

Jambo moja lilinipita. Aliyeita ngoma ndiye anayelisha. Masalu alinikumbusha kwa heshima zote. Akasema bhabha, vijana wananusa upande wa jikoni na hawasikii harufu. Ningefanya nini? Beberu wetu ameondoka. Ugali umesongwa sufuria baada ya sufuria. Mkaa wa mwezi mzima umekwisha. Kuni zikaisha. Ukafuata mlango wa banda la kuku. Halafu kasha langu la kutunzia joto, pamba ikiwa humo humo. Joakim amekula mara mbili na kuusifu mchuzi.

Kisha mnyororo wa baiskeli ukakatika. Mshale, kimya. Masalu akasema labda umeme umeingia ila umechoka safari. Kijana ana akili! Nimetangaza kwamba betri ipumzike, mtu asiiguse hadi asubuhi. Nami nimejilaza, maana mapaja yanawaka moto. Nikisinzia nimemwona Felisita akitoka na toroli, kitu kizito kimefunikwa kanga. Majivu, bila shaka. Yalikuwa mengi.

Jumamosi, 11 Julai

Hapa hasomi mtu, kwa hiyo naandika ukweli. Niliogopa. Binti yetu Wilhelmina yuko shule ya bweni, na nikikosa kazi hii anarudi nyumbani.

Saa mbili. Bosi akaita Kiloleli, ikajibu. Akaita Lingeka, ikajibu. Akaita Bariadi. Nikabonyeza.

Mshale ukaruka hadi mwisho! Bwana Sadick akaniomba nisipige kelele, ananisikia vizuri mno. Oyee! Betri imepumzika ikapona! Tena inang'aa, vumbi lote limepukutika, na imejigeuza yenyewe. Jana alama ya kujumlisha ilitazama ukuta, leo inatazama dirisha. Umeme ukizidi una nguvu za ajabu.

Nilitaka kulia kwa furaha. Nimemkumbatia Felisita. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Akaomba kitaa chake, nimemrudishia. Umeme sasa tunao wa kumwaga.

Nuruddin amepita kuuliza kama betri inashika vizuri. Habari njema hazina miguu lakini zinafika. Kuku mwekundu wa Felisita haonekani, banda halina mlango. Namshuku Joakim.

Jumapili, 12 Julai

Tukitoka Misa nimemwona kuku mwekundu kwa Nuruddin, amefungwa kamba mguuni. Toka kwetu mpaka stendi! Kuku anatembea kumbe! Nilitaka nimdai, Felisita akanivuta mkono na kusema si yeye, wamefanana tu. Nimemwonea huruma mke wangu. Kushona gizani kumemharibu macho.

Jioni nimefungua redio na kuwatangazia wote siri ya baiskeli na ngoma. Lucy aliniomba nirudie mara tatu. Ni kwa mshangao.

Jumatatu, 13 Julai

Bwana Sadick amefurahi kupita kiasi! Jumamosi anakuja na wakubwa wa Kampuni kuona kwa macho yao. Betri itamalizwa kabisa Ijumaa, kisha ijazwe kwa baiskeli mbele yao. Ikijaa, nitakuwa msimamizi wa vituo vyote. Isipojaa, redio inapelekwa kwa Joakim siku hiyo hiyo. Isipojaa! Nimecheka hadi machozi.

Maandalizi yamekamilika. Mnyororo mpya upo. Masalu analeta na kundi la pili. Felisita ametafuta kuni, sijui kazitoa wapi.

Tatizo ni moja, Felisita mwenyewe. Tangu habari hizi zije hatulii. Alianza kusema Baba Wilhelmina, kuna jambo kuhusu ile betri. Nikamwambia asihangaishe kichwa na mambo ya ufundi. Baadaye akaanza tena, nikamwambia vilevile. Masikini, amechoka. Wiki nzima amepika, amezoa majivu, amepoteza kuku. Na mimi si mume wa kuyaona hayo nikanyamaza.

Nimemwombea nafasi kwenye lori la pamba. Anaondoka Alhamisi kwenda kwa mama yake Kiloleli, akapumzike hadi Jumapili. Mambo ya betri nitayamudu mwenyewe.