Jeshi la Hamira na Matufaha Yenye Majeraha

Sogeeni, enyi wenye masikio, na wenye shughuli waziache zipoe kidogo, maana nataka kuwasimulia vita ambavyo wafalme hawakuvisikia, kwa kuwa vilipiganwa ndani ya makreti ya matufaha, katika ghala lenye mlango wa bati, nyuma ya nyumba ya watu wa kawaida kabisa. Ewe ulimi wangu, usiteleze. Na wewe kikohozi, ngoja nimalize.

Shujaa wetu aliitwa Mshika Ghala, mke wa mtoto wa kwanza wa nyumba ile, mwanamke mwenye vidole vilivyoweza kulipapasa tufaha na kujua lilianguka kutoka tawi gani. Adui yake alikuwa Ukungu, dhalimu mwenye joho la buluu, ambaye msimu uliopita aliingia bila hodi, akateka kreti baada ya kreti, na kila alipopita akaacha sumu isiyoonekana kwa macho. Wenyeji walikata sehemu zilizooza wakadhani wamemaliza kazi. Fundi wa juisi, mnunuzi wao mkubwa, akawaeleza kwamba sumu ile hupenya mpaka kwenye nyama ya tunda inayoonekana nzima, na kwamba akiukuta tena ukungu hatatia mguu pale. Shemeji mtu akaanza kuupima mlango wa ghala kwa kamba, akinena kuwa mbuzi wake wangepata makao mema. Mshika Ghala aliumia sana, kwa maana ghala lile ndilo kitu pekee alichokianzisha mwenyewe katika nyumba ile, na kulipoteza kungekuwa sawa na kuambiwa kwamba bado ni mgeni.

Basi akafunga safari hadi kwa bwana shamba, akarudi na pakiti ndogo, na ndani ya pakiti limelala jeshi. Ilikuwa hamira, si ile ya mkate, bali ya ukoo unaoishi kwenye maganda ya matunda, na kazi yake vitani ni moja tu, kuwahi. Penye jeraha la tufaha pana sukari, na Ukungu ni mlafi wa sukari. Hamira ikitangulia, inakaa, inakula, inazaana, na dhalimu akifika anakuta sahani zimelambwa na viti vimejaa. Mshika Ghala akaikoroga kwenye ndoo kubwa ya maji safi, akajaza bomba la kunyunyizia, akalibeba mgongoni, akaiacha ndoo mlangoni huku akienda kutafuta kitambaa cha kujifunga kichwani, kwani hakuna jemadari aendaye vitani bila chapeo.

Lakini kikulacho ki nguoni mwako. Katika nyumba hiyohiyo aliishi Mwenye Pua, yaani mama mkwe, ambaye kila asubuhi alisimama mbele ya ghala akavuta pumzi, na pua yake ikalitaja kreti lenye tunda bovu kabla mlango haujafunguliwa. Pua ile ilikuwa haijawahi kusema uongo. Asubuhi hiyo ilikutana na harufu ya kuchacha, na kwa pua ya mama, kuchacha na kuoza ni baba mmoja, mama mmoja. Akaikamata ndoo kwa mikono miwili, akalimwaga jeshi zima kwenye shimo la takataka, kisha akaisugua ndoo kwa sabuni mpaka ikang'aa.

Mshika Ghala aliporejea na chapeo yake, akaiona ndoo imeinamishwa juani ikikauka. Akaketi juu ya kreti tupu, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

“Mama,” akanena, “hao uliowamwaga walikuwa askari wetu. Walikuja kukalia vidonda vya matufaha kabla adui hajavikalia. Waliobaki ni hawa tu walio mgongoni kwangu, na matufaha yote haya hawayatoshi. Tukishindwa safari hii, mbuzi wanahamia.”

Mama mkwe akaigeuza ile ndoo, akachungulia ndani kana kwamba askari mmoja angekuwa amesalia. Aibu ilimshika, naye akaishika kwa nguvu zaidi isije ikaonekana. Akauliza kama askari hao wanatakiwa kwenye kila tufaha. Akajibiwa kwamba lenye ganda zima linaweza kujitetea; lililochubuka ndilo lisiloweza kungoja, wala halionekani kwa urahisi katikati ya wenzake.

“Tufaha lililochubuka linanukia utamu kuliko mengine,” akasema Mwenye Pua. “Niletee makreti. Pua hii imekosea mara moja tu tangu nizaliwe, na haina mpango wa kurudia.”

Hapo ndipo vita vilipopamba moto, enyi wasikilizaji. Hapo ndipo bibi mzima alipoinama juu ya kreti akavuta pumzi, akanyoosha kidole, na Mshika Ghala akachomoa tufaha, akaligeuza, akaona mkwaruzo mwembamba karibu na kikonyo, akalinyunyizia askari mpaka kidonda kikalowa. Kisha lingine, na lingine, na shemeji mtu, aliyepita na kamba yake kwa bahati mbaya, akakabidhiwa kazi ya kubeba makreti, na alipojaribu kulalamikia kiuno alitazamwa na wanawake wawili kwa pamoja akapona palepale.

Majuma yakapita. Ukungu akaja, akazunguka ghala zima, akaambulia tufaha moja lililojificha chini ya jani. Lilitolewa siku hiyohiyo likafukiwa bila hotuba.

Ndipo akaja Fundi wa juisi, akaomba apewe tufaha baya kuliko yote. Akapewa lenye kovu refu la kucha. Akalikata, ndani jeupe. Akachukua mengine yakapimwe sumu, na aliporudi alirudi na lori. Akauliza ni nani aliyefanya kazi ile.

“Ni mwanangu huyu, na askari wake,” akajibu Mwenye Pua, ambaye kwa miaka yote alikuwa amemwita mtoto wa watu. “Mimi nilikuwa jemadari wao.”

Mshika Ghala alijua fika nani alimwaga nini, na wapi. Lakini lile neno “mwanangu” lilimwingia moyoni, akafurahi mno hata akasahau kudai cheo chake. Iandikwe basi, na vizazi visome, kwamba siku ile tufaha jingine lenye kovu lilikatwa vipande vitatu, cha mama, cha mwana na cha Fundi, likaliwa mpaka kokwa, na hakuna aliyeumwa tumbo.