Mlinzi wa Lango Hajafa

Jumatatu, 6 Oktoba

Wanapiga filamu ya pili! Lango la Matumbawe, sehemu ya pili, kutoka kitabu cha pili cha Bi Mwanakheir. Mji mzima unajua. Mimi nimeambiwa barazani, tena na Nadir.

Nadir! Jirani yangu ukuta kwa ukuta, papasi mwenzangu wa kutembeza watalii, tunagombea wale wale pale Forodhani. Katika filamu ya kwanza alikuwa ndani ya pweza mkubwa, akichezesha mikono ya kushoto na kuvuta kamba ya mdomo. Uso wake haukuonekana hata mara moja. Mimi nilikuwa Mlinzi wa Lango. Kofia ninayo, mkuki ninao, na maneno ya kusema ninayo: "Hapa hapiti mtu yeyote." Akapita pweza. Akanimeza pamoja na kofia yangu, filamu haijafika hata nusu. Na aliyevuta kamba ni yeye.

Sasa Nadir ameitwa tena na mimi sijaitwa. Akaanza kuniambia ana ujumbe wangu kutoka kwa Mudrik, mwongozaji wa filamu. Nikamwambia rambirambi zake akampe mkewe. Namba yake nimeifungia.

Hili si la mzaha. Binti yangu Tahiya yuko darasa la nne, na tangu filamu ile shuleni wanamwita mtoto wa kitoweo. Kitoweo ndio mimi! Yeye anasema hajali. Mimi ninajali, tena sana. Nimemuapia kwamba safari hii ataniona mzima, kichwa juu.

Akaniuliza kama kitabu cha pili nimekisoma. Nikasema ninakisoma. (Kiko chini ya mguu wa meza. Meza ilikuwa inacheza.) Nikamtaka anisimulie mwisho wake. Amekataa! Anasema nisome mwenyewe, si adabu kumsimulia mtu mwisho wa kitabu. Sijui amelelewa na nani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimekwenda Mkunazini kwa Bi Mwanakheir mwenyewe, na kikapu cha halua. Nia: anifufue kwa maandishi. Aliyeniua ni yeye, basi anirudishe yeye. Aliwahi kunisomesha darasa la tatu, kwa hiyo nilitarajia huruma.

Shikamoo. Marahaba. Halua akaionja papo hapo. Nikatoa hoja zangu zote: Mlinzi ana mke, ana mtoto, hawezi kuondoka hivi hivi kama kuku. Akaniuliza kitabu cha pili nimekisoma? Nikasema chote, mara mbili.

"Na mwisho wake umeuonaje, Ayoub?"

Nikasema mwisho unahuzunisha sana, nimelia.

Alinitazama juu ya miwani. Akasema hata darasa la tatu nilikuwa hivi hivi, akanifungulia mlango. Halua imebaki kwake.

Jioni Nadir kabisha hodi. Nimemwambia mke wangu Muzdalifa aseme sipo. Muzdalifa akapaza sauti: "Anasema hayupo." Ndoa hii ina majaribu yake.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimepata njia! Nitajifunza kuua pweza kikweli, nimwoneshe Mudrik, naye hatakuwa na budi kuniwekea pambano. Nimekwenda Uroa kwa mama mkwe.

Bi Kazija anavua pweza tangu mimi sijazaliwa. Filamu ile aliitazama pamoja na kijiji kizima, akaondoka katikati akijifunika uso kwa mtandio. Mkwe wake kuliwa na pweza! Tangu hapo akipika pweza mimi ananiwekea dagaa, anasema kwa usalama wangu.

Maji yalipokupwa tukaingia kwenye miamba. Yeye na fimbo yake ya chuma, mimi nyuma na ndoo. Unachokoa tundu, pweza anatoka, unampiga baina ya macho. Jambo jepesi! Tundu la kwanza halikuwa na kitu. La pili nikakanyaga fuma, miiba ikabaki unyayoni. La tatu pweza akatoka, akanipokonya fimbo, akanizonga mkono mpaka begani. Wanawake waliokuwa wakivuna mwani waliacha kazi na kukaa kwenye maji kwa kucheka. Bi Kazija alinitoa kwa mkono mmoja.

"Baina ya macho, baba," aliniambia. "Usimuonee haya."

Nimekariri. Najihesabu nimefuzu. Fimbo amenipa, naona hataki kuiona tena.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nimesikia Mudrik anataka watu wa kukaa hitimani. Hitima ya nani? Ya Mlinzi wa Lango! Yangu! Nikaingia na ndevu nyeupe za kubandika, kanzu ya marehemu baba, na fimbo ya Bi Kazija kama mkongojo. Nimejiandikisha Mzee Kificho.

Ua wa nyumba kongwe, mikeka, pilau ya kweli. Nilisikia wakinisifu, machozi yakanitoka bila kuigiza. Darasa zima la Tahiya lilikuwepo, wamechukuliwa kuwa watoto wa mji. Tahiya akanitambua hapo hapo. Akanitikisia kichwa: baba, usifanye.

Mlango ukafunguka. Akaingia pweza. Kaja kuomba radhi! Kwenye hitima yangu! Mkono wa kushoto kifuani, na najua nani yumo kwenye mkono huo.

Nikakumbuka dagaa. Nikakumbuka kitoweo. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Hapa hapiti mtu yeyote," nikampiga baina ya macho.

Ngozi yake ya mpira ilichanika kutoka kichwani mpaka chini. Nadir akatokeza na fulana, jasho linamtiririka. Darasa la Tahiya likapiga makofi. Mudrik hakupiga.

Alinieleza polepole, mbele ya watu wote. Mwisho wa kitabu cha pili pweza anatubu, anamtapika Mlinzi akiwa mzima na kofia yake, na watoto wa mji wanambeba mabegani. Wiki nzima walikuwa wakinitafuta. Ujumbe alipewa Nadir. Sasa Nadir hana pweza, na kofia yangu inamkaa. Mlinzi ni yeye.

Tahiya alinishika mkono njia nzima ya kurudi. "Baba, mimi n'lijua utarudi. N'likwambia usome," alisema. Hapo niliumia kweli.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mudrik kaamua: aliyemchana pweza amshone. Nimeshona. Hakuna anayekubali kuingia mikono ya kushoto, kwa joto na harufu ya gundi. Akanigeukia mimi.

Nikakitoa kitabu chini ya meza, nikasoma ukurasa wa mwisho. Ule wa mwisho tu, unatosha. Unasema pweza anafungua mdomo kwa hiari yake. Kwa hiari yake! Na kamba ya mdomo iko mikono ya kushoto.

Nimekubali.

Shuleni hakuna tena mtoto wa kitoweo. Sasa wanamuuliza Tahiya kama baba yake anang'ata, naye anawajibu inategemea. Nadir kapita na kofia yangu kichwani, kanipa mkono, kasema kesho tuelewane vizuri kwenye kutapikwa. Nimetabasamu. Kummeza nitammeza; kumtapika ni kwa hiari yangu.

Bi Kazija kapiga simu. Anakuja kutazama, amenunua fimbo mpya, na anauliza pweza huyo ana macho upande gani. Nimemueleza vizuri, na nimemwekea nafasi ya mbele kabisa. Kwamba ndani nipo mimi sikumwambia. Nataka ashangae.