Mlango wa Upande wa Delpha

Jumapili, 18 Agosti

Virgil Peckham ameegesha tena pikapu yake mbele kabisa ya mlango wa kanisa. Makusudi! Ford ya mwaka hamsini na moja, kutu kila mahali, na utepe wa buluu wa mwaka jana bado unaning'inia kwenye kioo cha ndani. Miaka sita mfululizo anashinda kundi la Hazijaguswa, la magari makuukuu yaliyobaki na rangi na maandishi yake ya zamani, kwenye maonyesho ya kaunti. Yote kwa sababu ya mlango wake, wenye maandishi meupe yaliyofifia: PECKHAM, VYAKULA VYA MIFUGO. Watu wanapanga foleni kuupapasa. Yeye anasema yaliandikwa siku babu yake alipolinunua gari. Mimi nasema uongo. Sina ushahidi.

Baada ya ibada akaniuliza mbele za watu kama Chevrolet yangu nyekundu bado imepaka rangi ya mdomo. Watu wakacheka. Mchungaji naye akacheka! Nimerudi nyumbani nikala mahindi peke yangu kwa hasira. Delpha, mke wangu, angekuwepo angeniambia: Orval, tafuna kwanza, ugomvi hauendi popote. Tangu Machi hakuna wa kuniambia nitafune.

Maonyesho ni Jumamosi. Mwaka huu namshinda.

Jumatatu, 19 Agosti

Mpango wa kwanza. Siki na chumvi. Nimesikia bati likipakwa hivyo na kuachwa juani linapata kutu ya miaka hamsini kwa siku moja. Nikapaka bampa ya nyuma, nikaenda kulala kidogo. Nikaamka nikamkuta Biskuti, mbwa wetu, anamalizia kuilamba. Bampa inang'aa kuliko jana. Biskuti anaharisha kwenye kibaraza.

Nimesafisha kibaraza nikiikumbuka hiyo bampa. Tuliiokota korongoni kule nyuma ya reli, mwaka tuliooana. Tukaifunga nyuma ya gari la baba yangu, ndiyo Chevrolet hii ilipokuwa bado ya kijani na haina sakafu, ambayo ukikaa unaiona barabara inapita chini ya miguu. Delpha alipandisha miguu yake kwenye dashibodi njia nzima, anaimba. Mvua ikaturushia tope jekundu mpaka puani. Akasema hajawahi kupanda gari zuri kama hilo, na alimaanisha.

Nimeiomba bampa msamaha. Hakuna aliyenisikia isipokuwa Biskuti.

Jumanne, 20 Agosti

Nimekumbuka! Mjinga mimi. Nina maandishi yangu mwenyewe!

Zamani tuliuza matikiti maji kando ya barabara, na Chevrolet ndiyo ilikuwa duka letu. Ilikuwa ya kijani. Tuliifufua wenyewe. Mimi chini ya injini, yeye ameshika tochi na kunisomea kitabu cha ufundi kwa sauti ya mhubiri. Viti alivishona kwa mapazia ya mama yake. Halafu akachukua brashi na rangi nyeupe, akaandika milangoni. Tulibishana nani atangulie. Akaamua mwenyewe: mlango wa dereva ORVAL NA DELPHA, mlango wake DELPHA NA ORVAL, na chini ya majina, pande zote mbili, tikiti lililokatwa. Wilaya nzima hakuna aliyekuwa na mwandiko kama wake.

Mwaka wa saba mvua ya mawe ikalilaza shamba lote kwa mchana mmoja. Delpha hakulia. Alichukua kopo la rangi nyekundu ya ghala, akaifunika milango yote miwili kabla ya chakula cha jioni. Alisema hawezi kuyasoma yale maneno kila tunapokwenda mjini. Baadaye tukalipaka gari zima lifanane.

Kwa hiyo maandishi yapo chini pale. Virgil mwenyewe aliwahi kujigamba kwamba watu wa magari husugua rangi ya juu taratibu mpaka ya zamani ijitokeze. Utepe ni wangu!

Nikampigia Noreen, binti yangu, aliyeko Tulsa. Alikuwa na miaka miwili milango ilipofunikwa, kwa hiyo hakuwahi kuyasoma. Nilitegemea anisifu kwa werevu.  Badala yake akauliza, "Baba, kweli mkono wa Mama upo humo ndani?" Nikasema upo. Akasema anaomba ruhusa kazini, anakuja Jumamosi. Nimemwahidi atausoma kwa macho yake. Sasa si suala la utepe tu.

Jumatano, 21 Agosti

Nilihitaji ushauri wa Virgil bila yeye kujua ni wangu. Nikamwambia nina binamu Kansas mwenye mlango.  Akasema basi mwambie binamu yako atumie msasa laini kuliko wote, maji ya sabuni, na mkono wake mwenyewe. Afunge macho, kidole ndicho kitamwambia. Na asithubutu kushika mashine. Nikauliza binamu yangu akiwa na haraka je? "Basi binamu yako akae Kansas," akasema.

Nimesugua tangu asubuhi. Wekundu ukawa unatiririka kwenye ndoo. Mchana ukatokea ukijani. Kisha kitu cheupe, kimejipinda. Herufi O. O yake ile ile, anaifunga juu kwa kamkia kadogo.

Nikakaa juu ya ndoo. Nimelia, na siandiki hapa kwa ajili ya kujificha. Miezi mitano nimekuwa nikimtafuta kwenye nguo zake na kwenye dawa zilizobaki kabatini, kumbe yuko bandani, anaandika jina langu.

Alhamisi, 22 Agosti

Mpaka adhuhuri nimepata R. Bega limekufa. Nikapiga hesabu: kwa mwendo huu, kumfikia Delpha ni Krismasi. Noreen anafika keshokutwa. Amwone baba yake tu? Hapana.

Nikaenda kuazima mashine ya msasa kwa fundi seremala. Kwa sehemu zisizo na maandishi tu. Nilijiwekea sharti hilo na nikaliheshimu kwa dakika kadhaa nzima. Mashine ilikuwa tamu! Inaunguruma, rangi inakimbia, mimi nimevaa miwani, najiona kijana. Nikasema nisogee kidogo. Kidogo tena. Vumbi lilikuwa jekundu, likawa la kijani, likawa jeupe. Nikafurahi kuona nyeupe.

Nyeupe ilikuwa yeye.

Nilipozima, bati tupu. Linang'aa. Hakuna Delpha. Hakuna NA, hakuna tikiti. Hata ile O imekwenda. Nimefagia vumbi nikaliweka kwenye mtungi wa jamu. Sijui kwa nini. Siwezi kulimwaga.

Ijumaa, 23 Agosti

Mpango mpya. Kuandika mwenyewe. Brashi, rangi nyeupe, picha ya harusi mbele yangu ili nipate moyo. Mwandiko wangu ukatoka kama kuku aliyekanyaga unga. Nimefuta.

Virgil akaja kuniletea jeki niliyomwazima enzi za mafuriko. Kisingizio. Alitaka kuona. Akauona mlango. Nikasubiri anicheke, nilishaandaa tusi. Akavua kofia.

Akasema nisimkatize. Mlango wa babu yake uliharibiwa na fahali mwaka sabini na tano, naye Virgil akafunga mwingine kutoka kwenye gari bovu. Aliyeandika upya ni Delpha. Kwa mchana mmoja, kwa gunia la chakula cha kuku. Na akausugua kwa kahawa na majivu mpaka ukazeeka. Alimwambia Virgil afunge mdomo, maana Orval akijua hataacha kulizungumza mpaka watu wahame mji.

Delpha! Siku zile alikuja nyumbani na gunia, akasema ameliokota barabarani. Nikaamini.

Miaka sita nimelaani ule mlango, na yeye ameketi pembeni yangu kanisani, anafuma.

Halafu likanijia. Sasa nina ushahidi! Waamuzi wakiambiwa, Virgil anatolewa kundini.

Jumamosi, 24 Agosti

Noreen alifika mapema. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia ni jua limeunguza. Akaweka kiganja kwenye bati, akauliza Mama yuko wapi. Nikasema mashine. Akasema, "Baba." Basi. Afadhali angenitukana.

Kwenye maonyesho nikampeleka kwenye Ford ya Virgil, nikamweleza. Akaweka kidole ndani ya P, akaifuata. Kisha E, kisha C. Alikuwa analifuata jina la watu wengine, herufi moja moja. Watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Hakusogea. Virgil akawaambia wakohoe kwa mbali.

Mimi nikaenda kwenye hema la waamuzi. Mwanamke mmoja mwenye kofia ya majani akauliza kama nina malalamiko. Nikasema ninayo, makubwa. Nikageuka kumwonyesha gari lenyewe. Noreen bado alikuwa pale, ameegemeza paji la uso juu ya mlango. Yule mama akasema, ndiyo mzee, nakusikiliza. Nikasema maji yao ya ndimu hayana barafu.

Virgil akashinda mwaka wa saba. Akapita mbele yetu mara mbili anapiga honi. Mshenzi yule.

Jioni Noreen akaniuliza kuhusu mlango wa pili. Nikasema haujaguswa. Akaniweka mkono juu ya boneti, akaniapisha kama mtoto wa shule. Nisiuguse kwa msasa wala kwa maji wala kwa kidole. "Mwache Mama humo ndani. Mimi inanitosha kujua yupo." Virgil alikuwa shahidi, mdomo umejaa pai. Nikaapa. Niliapa kwa moyo wangu wote.

Jumatatu, 26 Agosti

Noreen ameondoka. Nyumba kimya. Nimekaanga mayai mawili kwa mazoea, moja nimempa Biskuti.

Leo ni siku ya kurudisha mashine ya seremala. Nikaitia kwenye gari, nikaishia dukani nikarudi nayo, nikakaa kwenye kiti cha Delpha. Sijawahi kukikalia, hata kwa bahati mbaya. Pazia la mama yake limechanika kwenye paja. Dashibodi ina mikwaruzo miwili ya visigino. Nilikuwa nikimgombeza kwa ile mikwaruzo. Nimeishika kwa muda. Nina upweke, basi. Nimechoka kulizunguka hili neno.

Kisha nikafikiri. Upande huu ndiye anayetangulia. D iko mwanzoni kabisa, karibu na kitasa. Wala sihitaji mlango mzima. Na nimeshajua kosa la Alhamisi lilikuwa nini. Msasa ulikuwa mkali. Huu nilionunua asubuhi, nilipokuwa nakwenda kurudisha mashine, ni laini sana. Na mashine ina spidi ya chini, ambayo siku ile sikuiona.

Noreen hatajua. Kijipande tu, kama biskuti. Mbwa ameingia chini ya nyumba, hataki kutoka.

Waya wa mashine umefika vizuri mpaka mlangoni. Ni D tu. Nikishaiona, naacha.