Chumba Chenye Tundu Paani

Jumatatu, 3 Juni
Wiki ya mwisho ya majaribio. Ijumaa msimamizi atatangaza mlinzi anayeajiriwa moja kwa moja. Mama watoto kasema nikikosa, nimweleze mwenyewe shemeji aliyenitafutia kazi.

Mimi nimepangwa kwenye mabegi ya wageni. Jumba zima la sanaa limezama ndani ya kilima, nyasi zinaota juu ya paa, bwawa linapita chini ya sakafu ya kioo. Mimi natazama mabegi! Chumba cha Mbingu kapewa mwenzangu, Kimya. Kuta nne tupu, paa limetobolewa duara. Picha hakuna. Picha ni mbingu yenyewe. Nilichungulia mara moja, nikasahau kufunga mdomo.

Jumanne, 4 Juni
Nimemwendea Kimya kwa upole. Nikamwambia, kaka, upepo wa tundu lile unakamata shingo; aliyekutangulia mpaka leo akiitwa anageuka mwili mzima. Akafikiri sana. Akauliza kama kwenye mabegi kuna kiti. Kipo! Tumebadilishana. Maneno matamu humtoa nyoka pangoni.

Jumatano, 5 Juni
Saa nne jua limeingia, likatandikwa ukutani kama shuka jeupe, kisha likaanza kutembea. Nimelifuata kwa macho hadi saa nane. Chakula? Kipi?

Alhamisi, 6 Juni
Mvua! Imeshuka katikati ya chumba tu. Nguzo ya maji imesimama wima, pembeni pakavu. Bibi mmoja akauliza kaichonga nani. Nikamwonyesha tundu kwa kidole.

Msimamizi akatokea. Wameingia wageni wangapi? Nikasema kweli: wageni sijui, mawingu kumi na saba. Akauliza basi nani kachora moyo mkubwa kwa rangi ya mdomo ukutani, nyuma ya mgongo wangu. Mkubwa kweli. Una mshale.

Ijumaa, 7 Juni
Kaajiriwa Kimya. Halikupotea begi hata moja. Mimi nimeongezewa mwezi wa majaribio, kwenye maegesho. Nimempigia shemeji. Kaniomba nisimpigie tena.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekwenda maegesho kichwa chini. Nikakiinua. Ukuta wa nyuma wa jumba ni kioo kitupu! Kilima cha ng'ambo chote kimeakisiwa humo, na magari yameegeshwa juu ya vilele vya miti. Nimesimama hapo asubuhi nzima. Watu walikuwa wanapiga honi, sijui walitaka nini.

Ila anayefaidi kweli ni wa kwenye daraja la bwawa: binti mmoja, kaanza kazi leo. Nimemwuliza kwa huruma, dada, kuna aliyekueleza baridi ya maji yale inavyokula magoti?

Maskini, hajaelezwa.